Kioo cha ubavuni nyuma kwenye SUV ya umeme kimepasuka: nimsimamie fundi kwa lipi?

Msukani77

Wakuu habari zenu. SUV ya umeme ya viti saba, bodi ya alumini. Kioo kidogo cha ubavuni kulia, kile cha nyuma ya mlango wa nyuma, usawa wa safu ya tatu, kimepigwa jiwe. Hakishuki, kimegandishwa kwenye bodi. Hakijamwagika. Kimeweka utando wa buibui, na ukipapasa kwa ndani ni laini kabisa, nyufa zote ziko upande wa nje. Ni cheusi cha kiwandani, pembeni kimezungukwa na mpira mweusi ulioshikana nacho pamoja na pambo la rangi ya fedha, na ndani ya kioo naona nyuzi nyembamba zimelala.

Maswali: kinazibika kama kile cha mbele? Nikiagiza kwa kutaja modeli na mwaka inatosha? Betri kubwa inahusika vipi na kazi hii? Na gundi je: aina gani, kiasi gani, gari likae muda gani kabla ya kutumika? Kazi ataifanya fundi, ila sitaki kusimama pale kama mgeni.

Fundi_Vioo

Mkuu, kuziba sahau. Ile dawa inayodungwa kwenye kioo cha mbele inafaa kwa kidonda kidogo ambacho bado hakijatambaa. Utando ukishaenea, badilisha.

Kwa maelezo yako kioo hicho ni laminati: vioo viwili vyembamba vimebana karatasi ya plastiki katikati. Magari ya umeme ya bei ya juu hupenda kuweka laminati hata ubavuni kwa sababu ya kelele. Hakuna injini ya kufunika sauti ya upepo na matairi, kwa hiyo kila mluzi unasikika. Kingekuwa cha tempa, yaani kile kilichokazwa kwa moto, kingeshakuwa punjepunje kwenye kiti.

Usikisie lakini. Kwenye kona ya kioo kuna mhuri. Mara nyingi imeandikwa wazi kama ni laminati au tempa. Ukiona herufi E ndani ya duara yenye namba, na karibu yake 43R, hicho kimepitishwa kwa kanuni ya Ulaya. Alama V ya Kirumi pale maana yake kinapitisha mwanga chini ya asilimia 70, yaani ni cheusi cha kiwandani. Kwa mhuri wa Marekani utakuta AS2 au AS3, na AS3 ndiyo ile ya vioo vyeusi visivyoruhusiwa mahali ambapo dereva lazima aone vizuri. Piga picha ya mhuri kabla kioo hakijang'olewa. Kikishaingia kwenye ndoo ya taka hakuna wa kukukumbusha.

Modeli na mwaka havitoshi hata kidogo. Gari moja la mwaka mmoja linaweza kuwa na vioo vinne vyenye umbo lilelile: cheupe au cheusi, tempa au laminati, chenye antena (nyuzi kama hizo ulizoziona) au kisicho na antena, chenye pambo la fedha au pambo jeusi. Agiza kwa namba ya chesi, kisha linganisha mambo manne: mhuri, soketi za nyuzi (idadi na upande zilipo), rangi ya pambo, na pini za nyuma zinazoingia kwenye matundu ya bodi. Kulia na kushoto kwa gari husemwa ukiwa umekaa kwenye usukani ukitazama mbele. Hapa ndipo watu huletewa kioo cha upande mwingine.

Agiza pia klipu za plastiki za ndani. Nyingi ni za kutumika mara moja. Ukizirudisha zilezile, wiki ya pili plastiki inaanza kugonga kila unapopita kwenye tuta.

Gundi: poliyurethani ya vioo vya magari, yenye nguvu ya juu na isiyopitisha umeme. Maneno hayo ya mwisho yasisitize. Gundi nyingi za kawaida zina masizi ya kaboni yanayozipa weusi, na masizi hayo hupitisha umeme kidogo. Gundi hiyo ikigusa nyuzi za antena, redio inadhoofika. Kwenye bodi ya alumini kuna sababu ya pili: gundi inayopitisha umeme huchochea ile kutu ya metali mbili tofauti zikikutana.

Kiasi: mdomo wa gundi unachongwa kwa pembetatu, chini upana wa mm 8 na kimo mm 12. Eneo la pembetatu hiyo ni mm 48 za mraba, maana yake kila mita ya mstari inakula mililita 48. Kioo chako kikiwa na mzunguko wa mita mbili, ni kama mililita 100 tu. Mkebe mmoja wa mililita 310 unatosha na unabaki. Ila usikubali mkebe uliofunguliwa wiki iliyopita. Gundi hii hukaushwa na unyevu wa hewa, na ikishaonja hewa huanza kukauka kutoka mdomoni kurudi ndani. Ikitoka na vidonge vidonge, tupa. Angalia na tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye mkebe.

waya_chungwa

Nijibu la betri kubwa. Nyaya za chungwa, yaani za betri kubwa, kwa kawaida hazipiti nyuma ya kioo hicho, kwa hiyo fundi vioo mwenye adabu hatakutana na volti 400 wala 800. Kinachoweza kumuumiza ni eabegi ya pazia, ule mfuko wa hewa unaofumuka ubavuni ajali ikitokea. Iko juu ya milango, imekunjwa kama soseji ndani ya kitambaa cha paa, na kwa gari la safu tatu inafika mpaka nguzo ya nyuma kabisa. Mara nyingi hata mtungi wake wa gesi uko maeneo hayohayo. Plastiki ya kuzunguka kioo chako imeshikana nayo.

Utaratibu:

Kwanza, chomoa chaja. Gari likiwa kwenye chaji linaamka na kulala lenyewe, na mfumo wa volti 12 unalishwa na betri kubwa muda wote huo. Pili, ingia kwenye programu ya simu uzime ratiba za kupoza au kupasha gari. Gari likiamka fundi akiwa amekata gundi nusu, feni inaanza kusukuma hewa na viti vinajisogeza. Tatu, ufunguo uende mbali, mita kadhaa, na kama simu yako ndiyo ufunguo, usikae nayo pembeni ya gari.

Nne, na hili ndilo husahaulika: shusha kioo cha mlango wa mbele na fungua buti kabla ya kukata volti 12. Umeme ukishakatika milango ya vitasa vya umeme haifunguki kwa kawaida, na buti ndiyo kabisa. Kwenye magari mengine betri ya volti 12 yenyewe imekaa chini ya sakafu ya buti. Unaelewa mwisho wake.

Halafu zima gari, subiri lilale, toa waya hasi wa volti 12 na subiri muda ulioandikwa na mtengenezaji kwa ajili ya eabegi. Wengi wanataja kati ya dakika 3 na 10. Kama kitabu kinataka kitanzi cha kukata mfumo wa volti kubwa kichomolewe kwanza, fuata kitabu. Soketi za manjano ni za eabegi: usiziguse kwa taa ya kupimia wala maltimita. Na gari lisiwashwe soketi hizo zikiwa zimechomolewa, taa ya eabegi itawaka na itataka mashine kuizima.

babu_spana

Mnamzungusha kijana. Ng'oa kioo, kwangua gundi yote ya zamani mpaka bodi iwe nyeupe, piga silikoni nyeusi ya kutosha pande zote, bandika. Nusu saa kazi imekwisha.

rangi_na_bodi

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kila hatua ina madhara yake.

Gundi ya zamani haikwanguliwi yote. Inapunguzwa kwa kisu kikali ibaki tabaka la mm 1 hadi 2, sawasawa kuzunguka. Gundi mpya ya yurethani hushika vizuri kuliko kitu chochote juu ya yurethani ya zamani iliyokatwa muda huohuo, na haihitaji praima (dawa ya kupaka kwanza ili gundi ishike) ukiiwahi ikiwa safi. Ukikwangua mpaka metali umeondoa rangi ya kiwandani, na rangi hiyo ndiyo kinga yenyewe. Sasa gundi inashika kitu kilicho wazi, unyevu unaingia chini yake, na baada ya miezi kadhaa kioo kinashikiliwa na kutu. Alumini haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe unaovimbisha rangi kama malengelenge.

Silikoni ni mbaya zaidi. Haina nguvu ya kushikilia kioo ajali ikitokea, nyingine zinatoa siki inayokula metali, na mafuta yake yakishagusa mdomo wa bodi hakuna gundi nyingine itakayoshika pale bila mateso. Hata ile dawa ya kung'arisha dashibodi ina silikoni. Isipulizwe ndani ya gari siku hiyo.

Kisu kikikwaruza rangi mahali, na kitakwaruza, tibu hapohapo: safisha kwa spiriti, paka praima ya metali iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa gundi, uiache ikauke muda ulioandikwa kwenye chupa. Praima ya gundi kampuni A na gundi ya kampuni B havichanganywi. Kwa bodi ya alumini kama ya Jaguar I-PACE usitumie brashi ya waya wa chuma wala msasa uliokwisha kusugua chuma, chembe zinazobaki zinaanzisha kutu. Na BMW iX ina nyuzi za kaboni kwenye fremu ya ubavuni. Pale kisu hakiegemezwi kabisa, ukikata nyuzi umekata sehemu ya nguvu ya gari.

Fundi_Vioo

@rangi_na_bodi umenena. Niongeze la kukata, maana hapo ndipo bodi nyingi huharibika.

Kioo chenye mpira uliomwagiwa kiwandani hakina pa kupenyeza kisu kutoka nje. Mpira umefunika mwanya wote. Anayejaribu kulazimisha anaacha mchoro mrefu kwenye nguzo. Njia safi ni uzi wa kukatia: unapenyezwa kwenye gundi kwa sindano ndefu kona moja, unazungushwa kioo chote upande wa nje chini ya mpira, kisha unavutwa kutoka ndani kidogo kidogo kwa kifaa chenye vikombe vya kunyonya. Uzi wa nailoni ngumu hauumi rangi kama waya wa chuma. Kabla ya hapo bandika tepu ya karatasi kwenye rangi pande zote, mistari miwili, na weka ubao mwembamba wa plastiki pale uzi unapopinda kwenye kona.

Kabla hata ya uzi, tazama kwa ndani kama kioo kina nati. Vioo vingi vya ubavuni vina gundi na skrubu zinazotokeza kwenye mpira, zimefungwa kwa nati ndogo za namba 8 au 10. Fundi asiyezifungua atavuta uzi mpaka ukatike akidhani gundi ni kali. Wakati wa kurudisha, nati hizo zinakazwa kwa toki (kipimo cha nguvu ya kukaza) ndogo iliyoandikwa kwenye kitabu, si kwa nguvu za bega. Ukizidisha mpira unapasuka, na kioo kinabaki na mkazo kona moja. Siku ya baridi kali au jua kali kinapasuka chenyewe, kisha mnaanza kulaumu kioo.

Soketi za antena zichomolewe kwanza. Kile kibati kilichoganda kwenye kioo kimechomelewa kwa risasi na ukikivuta kwa waya kinang'oka na nyuzi zake. Kwenye kioo kibovu si hasara, ila kwenye kipya ni hasara ya kioo kizima. Ndiyo maana kioo kipya kinapimwa kabla ya kupakwa gundi: maltimita kwenye alama ya kuendelea kwa umeme, ncha moja kwenye kibati, nyingine mwisho wa uzi. Isipolia, rudisha dukani kikiwa bado kikavu.

Sasa kioo kipya chenyewe. Mpira wake ukitoka kiwandani una mafuta ya kuutolea kwenye umbo. Hayaonekani. Gundi ikipakwa juu yake inashika mafuta, haishiki mpira. Maelekezo ya gundi yatasema kama mpira huo usuguliwe kwa sponji ya msasa laini au usafishwe kwa dawa yake, halafu praima. Ule ukanda mweusi wa seramiki kwenye kioo unafutwa mara moja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa mwelekeo mmoja, usirudi nyuma na kitambaa kilekile. Baada ya hapo hauguswi kwa kidole. Alama ya kidole gumba ni mafuta tosha ya kuanzisha mvujo.

Jaribu kioo kikavu kwanza. Kiweke mahali pake bila gundi, linganisha mwanya na ukingo wa mlango, bandika vipande vitatu vinne vya tepu vikivuka kutoka kioo kwenda bodi, kisha kata tepu katikati kwa wembe. Kioo kikirudi na gundi, nusu za tepu zikutane. Kwa njia hiyo huhitaji kukisogeza, na kusogeza kioo juu ya gundi mbichi ndiko kunakoacha tundu.

Mstari wa gundi uwe mmoja, pampu isimame wima, usikatishe kwenye kona. Maungio ya mwanzo na mwisho yaangukie katikati ya upande ulionyooka, na yabanwe kwa kijiti ili yaungane kweli. Gundi huanza kufanya ngozi dakika kumi hadi thelathini kutegemea aina na joto. Ikishafanya ngozi kabla kioo hakijakaa, haibandiki, inagusana tu. Ukimwona fundi anapaka gundi halafu anapokea simu, msimamishe.

Msukani77

Nashukuru sana wakuu. Mawili: nimeambiwa cha tempa cha gari hilihili kinapatikana haraka na kinaingia bila tatizo. Nikiweke? Na hilo la muda wa kukaa bado sijapata namba.

Fundi_Vioo

Kuingia kinaweza kuingia. Utakachopoteza ni ukimya upande mmoja, na sikio linajua haraka upande mmoja ukiwa tofauti. La pili ni usalama: laminati ikivunjika inabaki imesimama, inasaidia kumzuia abiria asirushwe nje gari likibingirika. Tempa inaacha tundu. Kama gari lilitoka kiwandani na laminati, rudisha laminati. Kwa waliokuwa na tempa tangu mwanzo, kuweka tempa hakuna ubaya.

Muda: usichukue namba kutoka kwangu wala kwa mtu yeyote humu, ipo kwenye mkebe. Kuna gundi za saa moja na kuna za saa kadhaa, na namba hizo hupimwa kwa joto la 23°C na unyevu wa asilimia 50. Hewa ikiwa kavu au baridi muda unarefuka. Hiyo ni ruhusa ya kuendesha tu. Kukauka kabisa ni habari nyingine: gundi ya aina hii huingia kama mm 3 hadi 4 kwa saa 24, ikianzia nje kwenda ndani. Kwa hiyo siku moja hadi mbili hakuna kuosha gari kwa maji ya presha.

Na usibamize mlango. Cabin, yaani chumba cha abiria, ya gari la umeme imezibwa vizuri mno. Ukifunga mlango vioo vyote vikiwa juu, hewa haina pa kutokea, inasukuma kioo kibichi nje. Acha kioo kimoja cha mlango wazi vidole viwili siku nzima ya kwanza.

Mwanasoketi

Kwa wasomaji ambao kioo chao kilikuwa tempa na kimemwagika, kazi yenu ni kubwa zaidi ya hii na haihusu gundi. Punje zinaingia kwenye matumbo ya bodi. Toa plastiki ya chini ya dirisha yote, siyo kulegeza kona. Ndani mle kuna kifaa kinachovuta mkanda wa safu ya tatu, na punje moja kwenye meno yake inatosha kuufanya mkanda ukwame, au usikwame unapotakiwa. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, ufyonze kila upande, pitisha kitambaa ukitazama kama kuna nyuzi zilizokatwa. Mkanda uliokatwa hata kidogo hubadilishwa, haushonwi.

Fyonza pia juu ya spika kubwa, vitundu vya kutolea maji, na vile vifuniko vya kutolea hewa vilivyo nyuma ya bampa. Vikijaa punje havifungi vizuri na vumbi linaanza kuingia kwenye buti. Mtu akisema amefyonza viti na sakafu tu, hajafyonza.

Kama kioo hakijafika na gari lazima litembee: tepu ya karatasi kwanza kwenye rangi, plastiki juu yake, kisha tepu kali juu ya tepu ya karatasi. Tepu kali moja kwa moja kwenye rangi, jua likipiga siku mbili, gundi yake inabaki na bodi. Usikimbize gari: mwendo ukipanda hewa ya ubavuni inavuta plastiki nje na vumbi la nyuma linaingia ndani.

SautiNdogo

Msukani, kaa na fundi mpaka kipimo cha mwisho, kwa sababu kasoro za kioo hiki hazionekani kwa macho.

Kipimo cha hewa kwanza, baada ya gundi kushika na soketi zote pamoja na volti 12 kurudishwa. Funga milango na vioo vyote, washa feni ya ndani mpaka mwisho, weka hewa ya kutoka nje na siyo ya kuzunguka ndani. Cabin inajaa hewa kama mpira. Sasa pulizia maji ya sabuni kwenye mzunguko wa kioo kwa nje. Mapovu yanayokua mahali pamoja ndiyo tundu lako, na mara nyingi utayakuta kwenye maungio ya gundi au kona ya chini ya nyuma. Povu dogo lisilokua ni sabuni tu.

Kisha maji. Mpira wa bustani bila presha, anza chini dakika mbili tatu, ndipo upande juu taratibu. Ukianza juu maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mtu awe ndani na tochi, plastiki za ndani zikiwa bado hazijarudishwa. Hili mafundi hawalipendi kwa sababu linawaweka siku ya pili, lakini maji yakiingia nyuma ya plastiki huyaoni. Yanashuka kwenye zulia na kwenye vifaa vya umeme vilivyolala ubavuni mwa buti: kikuza sauti, moduli ya mtandao, na kwa magari mengine hata ile betri ya volti 12.

Mluzi unaosikika kuanzia mwendo wa barabara kuu, na kipimo cha sabuni kiko safi, usianze kulaumu gundi. Bandika tepu ya karatasi juu ya mwanya wa mpira na mlango, endesha. Ukitoweka, kioo kimekaa juu ya usawa wa bodi, kinakata upepo. Mm 1 inatosha. Ukibaki, hamisha tepu kwenye pambo la fedha, mara nyingine ncha yake imeachia.

waya_chungwa

Nimalizie kurudisha umeme. Plastiki zikirudi, hakikisha kitambaa cha eabegi hakijabanwa wala kujipinda nyuma yake, na kamba yake fupi ya nguzo ya nyuma ipite ilikokuwa. Piga picha kabla ya kufungua, ndiyo ramani pekee utakayokuwa nayo. Klipu za nguzo zilizo na kamba hiyo usitumie za zamani.

Unganisha soketi zote kwanza, waya hasi wa volti 12 uwe wa mwisho. Washa gari mtu asiwe ndani. Taa ya eabegi ikizimika yenyewe baada ya sekunde chache, safi. Ikibaki, zima na rudi kwenye soketi, usiifute kwa mashine ukiwa hujajua sababu.

Vioo vya milango vitakuwa vimesahau vituo vyao. Kwa magari mengi unavipandisha mpaka juu na kushikilia swichi sekunde kadhaa, kisha unavishusha mpaka chini na kushikilia tena, kila mlango peke yake. Kwa milango isiyo na fremu hili lifanyike kabla ya kufunga mlango kwa nguvu: kioo kinatakiwa kishuke kidogo mlango unapofunguka na kipande ukishafungwa, na kisipojua kimo chake kinagonga pambo la juu.

Redio ijaribiwe gari likiwa nje na halipo kwenye chaji. Chaja ina kelele zake za umeme, utadhani antena mpya ni mbovu. Sikiliza stesheni dhaifu uliyokuwa unaipata zamani, siyo ile ya karibu.

Msukani77

Nimemtumia fundi orodha yote. Amejibu kwamba uzi wa kukatia anao, ila gundi aliyonayo haisemi chochote kuhusu kupitisha umeme.

Fundi_Vioo

Basi hiyo siyo. Mwambie akuletee karatasi ya maelezo ya gundi yenyewe, isiwe picha ya mkebe. Kama ni ya aina unayohitaji, karatasi itasema hivyo kwa maneno. Isiposema, mnunue nyingine kabla kioo cha zamani hakijaguswa, maana hicho kilichopo, pamoja na nyufa zake, bado kinazuia mvua.